Vitanda Vyeupe vya Sheth Edalji

Niliporudi Bharuch kutoka harusi ya mpwa wangu kule Navsari, nilikuta meza yangu ya kulia chakula haipo. Meza ya msaji, niliyopewa na baba yangu nilipoolewa. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani kama watu waliokuja msibani, na mume wangu amekaa kwenye kimojawapo, sahani kaipakata, anakula mayai kwa viazi.

"Baba Kavas, meza iko wapi?"

"Iko shuleni." Wala hakuinua macho. "Mwalimu alikuja akasema watoto wanaandikia sakafuni. Ningemwambiaje?"

"Ungemwambia hapana."

"Alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni, Motli. Anaitazama."

Basi huyo ndiye Edalji, ambaye mji mzima ulimwita Sheth, yaani bwana tajiri, na kumwinamia kichwa barabarani. Alikuwa na vinu vya kuchambua pamba ng'ambo zote mbili za reli, na majumba mpaka Bombay. Ujanani alikuwa mpima pamba wa kuajiriwa tu, shati moja la kufua na kuvaa. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe na pamba yetu ikapanda bei kama moshi, yeye alipanda nayo. Na bei ilipoanguka na wenzake wakajitupa mtoni, yeye alikuwa ameshauza. Kwenye biashara hakuna aliyemlaghai. Lakini mtu yeyote aliyesimama barazani kwetu na uso wa huzuni aliondoka na kitu. Alijenga visima, akajenga nyumba ya wasafiri, akajenga shule mbili. Na mimi, mke wa tajiri, nilikuwa siwezi kutoka kuoga asubuhi bila kukanyaga mguu wa mwombaji msaada.

Hospitali ndiyo iliyotaka kunitia wazimu.

Ilianza na Dinbai, ingawa jina hilo halikuwa likitajwa nyumbani. Dinbai alikuwa dada yake Edalji, mdogo wake wa pekee. Alirudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu, akawekwa chumba cha chini, nyuma ya ngazi, kile cha wanaojifungua. Kila nyumba ya Waparsi kama sisi ilikuwa nacho: giza, dirisha limezibwa upepo usiingie, kitanda cha chuma, na mwiko wa kugusa kitu chochote kwa siku arobaini. Mkunga wetu Mangli alimzalisha. Mtoto hakulia. Dinbai alitoka damu asubuhi nzima, na mama mkwe wangu, Gulbai, akashinda mlangoni akiomba dua na kufukiza ubani, hakumruhusu mtu kumwita daktari wa jeshi kwa sababu alikuwa mwanamume na Mwingereza. Adhuhuri ikawa basi.

Edalji aliyabeba hayo miaka mingi bila kusema. Kisha mwaka mmoja, mwanamke mmoja mchambua pamba alifia uzazini kwenye gari la ng'ombe, nje kabisa ya lango la kinu chetu, wakimzungusha kutafuta msaada. Edalji alikuja nyumbani akaacha chakula. Kesho yake akatangaza kwamba atawajengea wanawake wa Bharuch nyumba ya kujifungulia, wawe wa dini gani, wawe wa mtaa gani.

Nilimkubalia kwa moyo wote. Nisingemkubalia ningekuwa mtu gani? Lakini sikujua kwamba kwanza nitapikia mikutano.

Wakaja wazee wetu wenyewe, wamevaa vilemba vyao virefu, wakasema fedha za Mparsi zijenge hospitali ya Waparsi. Edalji akasema sawa, tutawapa mlango wenu. Wakaja Wabrahmin, Wahindu wa tabaka la juu, wakasema wake zao hawawezi kula chakula kilichopikwa na mtu asiye wao. Sawa, tutawapa jiko lenu. Wakaja Mavohra, Waislamu wa mji wetu, wakataka ukuta, na uwe mrefu, ndege asichungulie. Sawa. Akaja mkuu wa wilaya, Mwingereza, akanywa chai yangu, akasema lingekuwa jambo zuri sana jengo likipewa jina la mkewe. Mkewe hakuwa ametoa hata sindano.

"Sawa," akasema mume wangu.

"Sawa?" nikamwambia, yule Mwingereza alipotoka. "Baba Kavas, hospitali imekuwa na majiko matatu, milango minne, ukuta kama wa gereza, na jina ambalo hakuna mtu Bharuch anayeweza kulitamka. Umebakisha nafasi ya kitanda?"

"Vitanda vipo," akasema, amenuna. "Vitanda vyeupe. Nimeagiza Bombay."

Watu hata hawakujaribu kulitamka hilo jina. Waliiita Hospitali ya Ukuta.

Daktari alitoka Pune, mwanamke, Mmaratha Mkristo, jina lake Rebeka Salve. Mfupi, mweusi, hana haraka na maneno. Ukristo wake watu waliuvumilia. Kilichowashinda ni kwamba hakuwa na mume. Wanawake kwenye mabaraza walikuwa wanaulizana: huyu ambaye hajawahi kulala na mwanamume, uzazi ataujulia wapi?

Ikafunguliwa kwa ngoma, maua na hotuba. Halafu hakuja mtu.

Mwezi ukapita, na mwingine. Mashuka yalitandikwa, yakafuliwa, yakatandikwa tena bila kulaliwa. Wauguzi wawili walikaa uani wakichambua dengu za majiko matatu ambayo hayakuwa na mtu wa kumpikia. Edalji alikuwa anakwenda kila asubuhi kutazama, na kila adhuhuri ananirudia na hasira, ananimalizia mimi.

"Wajinga! Mtu anajengewa, anapewa daktari, anapewa maziwa bure, bado anakwenda kuzalia kwenye giza kwa kisu cha kukatia vitunguu! Hawa watu wana akili kweli?"

"Wanaogopa."

"Wanaogopa nini? Kitanda?"

Mama mkwe alikuwa kwenye bembea yake pale sebuleni, anatafuna tambuu. Wala hakugeuka. "Wana akili kuliko wewe," akasema. "Mwanamke hazai barabarani."

"Mama, hospitali si barabara."

"Nyumba yenye milango minne ni barabara."

Edalji angeweza kugombana na gavana, lakini si na mama yake. Alitoka akaubamiza mlango, nami nikabaki na yule wa kwenye bembea.

Ni wakati huo huo nilipogundua kwamba nina mimba.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Mwanetu Kavas alikuwa ameshaoa. Nilidhani ni ule mwisho wa mambo ya kike, kumbe ni mwanzo. Nilipomwambia mama mkwe, alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye makubadhi.

"Meno yameanza kulegea," akasema, "tumbo ndiyo kwanza linapanda. Hamna haya nyinyi wawili?"

"Mama, sikuipanda peke yangu."

"Nyamaza! Nitamwambia Mangli ajiandae. Chumba cha chini kifagiliwe."

Nilimngoja Edalji. Usinihesabie ushujaa: nilikuwa na hofu, kwa umri ule, na nilikuwa nimeona jinsi Dinbai alivyotolewa katika chumba kile. Nikajua kwamba mume wangu, huyu huyu anayeuita mji mzima mjinga, hatasubiri nimalize sentensi kabla ya kukubali. Nilimwambia akiwa anavua kilemba.

"Nitajifungulia kwa Daktari Salve."

Alibaki na kilemba mkononi. "Aa, Motli," akasema polepole. "Wewe?"

"Mimi. Kwani mimi nina nini?"

"Wewe ni mke wangu."

"Ndiyo maana."

"Watu watasema nini? Mke wa Sheth amelala wodini, kitanda cha kulia mke wa mfumaji, cha kushoto mke wa dobi..."

"Watu gani hao? Si ndio hao hao uliowaita wajinga jana?"

"Usinipandishie sauti, Mama Kavas. Na Mama je? Mama atakufa."

"Mama hafi. Mama atatuzika sote."

Akakaa kitandani, akayafikicha macho. Mtu aliyeweza kuwakubalia Wabrahmin, Mavohra, Waingereza na mwalimu wa shule, nilidhani na mimi ataniambia ile sawa yake. Hakusema. Kwa mara ya kwanza tangu anioe, mume wangu alipata neno hapana, na alinipa mimi.

Nilikuwa nina hasira kiasi kwamba sikulia. Miezi iliyofuata tuliishi kama wapangaji. Chumba cha chini kilifagiliwa. Mangli, ambaye sasa alikuwa ameota mtoto wa jicho na mikono inamtetemeka, alianza kuja kula kwetu kila siku, ati ananiangalia. Mimi nilikuwa namtuma mtumishi wangu kwa Daktari Salve kwa siri, naye daktari alikuwa anakuja mchana, mama mkwe akiwa amelala, ananipima tumbo na kuondoka kwa mlango wa jikoni. Jengo lile kubwa lilikuwa tupu, na daktari wake anaingia kwetu kama mwizi wa kuku.

Uchungu ulinishika asubuhi moja ya msimu wa pamba, mitaa imejaa magari ya ng'ombe na nyuzi nyeupe zinaruka hewani. Mama mkwe alikwisha kumwita Mangli. Kando ya kitanda cha chuma palikwisha kuwekwa maji na taa. Nilishuka ngazi nimeshika ukuta, nikakipita kile chumba, nikatoka mpaka barazani. Waombaji msaada wakasimama wote.

"Baba Kavas, nitolee gari la farasi."

Edalji alikuwa amekaa katikati yao. Alinitazama, akatazama tumbo.

"Gari halipo," akasema.

"Halipo vipi?"

"Nimemwazima muuza halwa. Mwanawe anaoa leo. Alikuja, Motli, amesimama hapo..."

Sijui kama mtu anaweza kufa kwa kuchoshwa, lakini pale nilikaribia. Nilijitanda sari kichwani, nikashuka ngazi za baraza, nikaanza kwenda kwa miguu.

Ukitaka kwenda Hospitali ya Ukuta kutoka kwetu, lazima upite soko la nafaka, kisha kwa wauza karanga, kisha upande kilima upande wa mtoni. Nilipofika kwenye kona, nilisikia nyuma yangu makubadhi ya Edalji, anakimbia na mwavuli, na kilemba kimeinamia sikio.

"Motli, rudi. Nakusihi. Jua kali."

"Nifunike basi, badala ya kunisemesha."

Akanifunika. Nyuma yake akaja mama mkwe, mwanamke ambaye hakuwa ametembea barabarani kwa miguu tangu alipofiwa na mumewe, anapiga kelele: "Unatuvua nguo mbele ya mji! Motli! Mwanamke gani wewe!" Nyuma yake akaja Mangli na kikapu chake, kwa sababu hakuna aliyemwambia arudi. Na nyuma ya Mangli, waombaji msaada wote, maana mwenye kutoa alikuwa ameondoka.

Kwenye soko la nafaka uchungu ulinibana, nikashika gurudumu la gari la pamba, nikainama. Mkaanga karanga mmoja akaacha karai lake.

"Sheth, kuna nini? Kuna moto?"

"Hakuna kitu," Edalji akasema, jasho linamchuruzika. "Hakuna kitu, endeleeni na kazi."

"Nakwenda kuzaa!" nikapiga kelele. "Kwenye hospitali aliyoijenga mume wangu!"

Halafu madirisha ya juu yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, na wanawake wakatoa vichwa. Bibi mmoja wa Kivohra, mnene, akainama kwenye uzio wa roshani yake.

"Mama wee, na umri huo?"

"Na umri huu huu!"

"Na huyo Sheth anafuata nini?"

"Anashika mwavuli!"

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami, kwa maumivu yote yale, nikacheka, nikaendelea kupanda kilima. Wanawake kadhaa waliteremka wakajiunga nasi. Walisema wanakuja kunisindikiza. Mimi najua walikuja kutazama.

Langoni, bawabu akatuzuia.

"Mlango upi, Sheth? Huu ni wa Wahindu. Wa Waparsi uko nyuma, na umefungwa, haujawahi kutumiwa."

"Fungua huu huu!" nikasema.

"Siwezi, Mama. Sheth mwenyewe ndiye aliyeweka amri."

Nilimgeukia Edalji. Nadhani uso wangu ulitosha, kwa sababu alimsukuma bawabu kwa mwavuli. Wakati huo huo Daktari Salve alitoka, amekunja mikono ya blauzi, akasema, "Mpitisheni popote, hata dirishani, lakini sasa hivi," nami nikaingizwa.

Mtoto alikuja kabla ya adhuhuri, wa kike, analia kwa hasira. Nilimsikia. Nikafurahi. Halafu nikaona uso wa muuguzi unabadilika, nikahisi joto chini yangu linaenea, na mwili wangu ukaanza kuwa mwepesi kama nyuzi za pamba. Wanasema daktari alipanda kitandani kwa magoti, akaniminya tumbo kwa ngumi kwa nguvu zake zote. Mimi nakumbuka sauti tu. Nakumbuka sauti ya mama mkwe, kwenye pembe ya chumba, ikisema kwa kunong'ona, "Hivi hivi. Dinbai alikuwa hivi hivi."

"Mama," daktari akasema bila kugeuka, "kama unaweza kusimama, njoo umshike miguu, uinyanyue. Kama huwezi, toka nje."

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo na Gulbai. Nilisikia bangili zake zinakaribia. Akanishika vifundo vya miguu, akainyanyua, na hakuiachia.

Damu ikapungua. Kisha ikakoma.

Nilipozinduka vizuri jua lilikuwa limehama dirishani. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni, tajiri yule, mgongo ukutani, na doa la damu yangu kwenye sari yake ya hariri. Daktari alikuwa ananawa mikono.

"Binti yangu Dinbai," mama mkwe akasema. "Ungekuwapo, angepona?"

Daktari angeweza kudanganya, kwa upande wowote. Alijifuta mikono kwanza.

"Sijui, Mama. Sikuwapo. Kuna wanaoniponyoka na mimi."

"Lakini kuna wasiokuponyoka."

"Wapo."

Mama mkwe akatikisa kichwa mara nyingi, polepole. Miaka ishirini na kitu nilikuwa nimekasirishwa na mwanamke huyu, akikosoa chumvi yangu, watoto wangu, ushonaji wangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kila alipoitukana hospitali, alikuwa anaiambia isimshitaki. Kama kitanda kile cheupe kilikuwa sahihi, basi yeye mlangoni na ubani wake alikuwa amekosea, na hakuna kosa kubwa kuliko hilo kwa mama. Alificha uso kwenye upindo wa sari akalia, nami nikamwacha alie, kwa kuwa sikuwa na nguvu za kufanya lingine.

Edalji aliruhusiwa baadaye. Aliingia kichwa wazi, kilemba amekipoteza njiani.

"Unalia nini?" nikamwuliza. "Nimeshazaa mimi."

"Niliogopa, Motli." Alikaa ukingoni mwa kitanda, muuguzi akamtoa, akasimama. "Kuwajengea wengine ni rahisi. Nikikosea, nitajenga tena. Lakini ungeingia humu usitoke..."

"Ungeniambia hivyo. Badala yake ukaniambia mke wa dobi."

"Nilikuwa naona haya."

"Mjinga," nikasema, na akakubali kwa kichwa.

Alitaka mtoto aitwe Dinbai. Mama mkwe ndiye aliyekataa. "Huyu amekuja na lake," akasema. "Asibebeshwe ya mtu." Akaitwa Aimai.

Wiki ile ile akaja mke wa mfumaji. Kisha yule bibi mnene wa Kivohra akamleta mkwe wake, ingawa mwenyewe aliapa amekuja kuangalia tu kama ukuta unatosha. Kabla ya mvua, wanawake walikuwa wanangoja kitanda. Milango ilibaki minne, lakini wote wakawa wanapita ule ulio karibu na barabara, na majiko mawili yakageuka stoo ya makaa, na Wabrahmin wakaanza kuletewa chakula kutoka kwao bila mkutano wowote. Mangli alipewa kazi ya kuwabembeleza watoto, kwani macho hayahitajiki sana kwa hilo.

Nilidhani sasa nitapumzika. Wapi! Edalji alikuwa amefurahi kupita kiasi. Alileta wageni kutoka Surat, wakafululiza wodini na viatu vyao, wanawake wamelala wamejifungua jana, naye anaeleza: "Na hiki ni kitanda alicholala mke wangu." Mara ya tatu Daktari Salve alimshika mkono wa koti akamtoa nje mwenyewe, akamwambia mwanamume hapiti pale tena, awe Sheth, awe gavana.

Alirudi nyumbani amevimba. "Kwenye jengo langu!"

"Si lako. Umewapa."

Alinuna kwa muda. Halafu akagundua kibanda cha nje, chini ya ukuta, ambapo waume hukaa kungoja: wafumaji, wapagazi, madobi, makarani, kila mmoja anatafuna karanga na kutazama mlango. Akaanza kukaa nao. Vinu vya pamba viliachiwa Kavas. Mtoto akilia ndani, Edalji ndiye wa kwanza kusimama, anauliza, "Wa nani? Wa nani?" na akipatikana mwenyewe, anamkumbatia kama wamezaliwa tumbo moja. Mama mkwe naye alikuwa huko, amewekewa kiti langoni, anawafokea wanaume waliochelewa kuleta wake zao, na kugombana na daktari juu ya kufungua madirisha.

Mimi nilibaki nyumbani na mtoto mchanga na chakula kinachopoa. Wakati wa mchana nilikuwa namtuma mpishi mara mbili, mara tatu, aseme Mama amekasirika. Jibu lilikuwa lile lile: kuna mmoja ndani, uzazi wake wa kwanza, mumewe anaogopa sana, Sheth anasema hawezi kumwacha. Mwishowe nilichoka kutuma. Nikamfunga Aimai mgongoni, nikafunga wali na dali kwenye sufuria, na nilipofika kibandani nikawakuta wamekaa chini kwenye mkeka, vilemba vya kila namna, Edalji katikati yao, na yule mume mwoga amemlalia begani amesinzia.

"Shh," akaniambia, kidole mdomoni. "Usimwamshe."

Nikaweka sufuria chini, nikaanza kuwapakulia wote.